Mji Uliochunguzwa: Wataalamu na Watawala katika Historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulianza kuchunguzwa kabla haujapata chuo kikuu. Mwaka 1946, katika mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, kiliundwa kituo kilichojulikana kwa kifupisho cha jina lake la Kifaransa, CEPSI, yaani Kituo cha Uchunguzi wa Matatizo ya Kijamii ya Wenyeji. Mwanzilishi wake, Ferdinand Grévisse, alikuwa ofisa wa utawala. Wakati huo Congo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja: Lovanium ilifunguliwa huko Léopoldville mwaka 1954, na Chuo Kikuu Rasmi cha Congo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kikafungua milango yake Élisabethville mwaka 1956. Kwa hiyo, wanaoudhania ushirikiano wa wataalamu na utawala wa mahali kuwa jambo jipya, lililoletwa na miradi ya wafadhili wa siku hizi, wanasahau sehemu kubwa ya historia yake. Swali la kuuliza ni jingine. Katika ushirikiano huo, ni nani aliyekuwa akiuliza, na ni nani aliyekuwa akipewa jibu?

Ili kuelewa kwa nini kituo kile kilizaliwa mwaka 1946, yafaa kurudi nyuma kidogo. Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na uhai wake ulitegemea shaba ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, kisha wakarudishwa kwao. Kuanzia mwaka 1928 kampuni iliingia katika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, nyumba kambini, mke na watoto karibu. Nje ya kambi za kampuni, wakazi Waafrika wa mji walikuwa pia wakiongezeka, na dekreti ya mwaka 1931 iliunda namna mpya ya utawala kwa ajili yao. Élisabethville ikapata mwaka 1932 kile kilichoitwa kituo cha nje ya mila, chenye chifu wake na baraza lake, lakini chini ya jicho la mtawala wa Kizungu. Jina lenyewe linafaa kutazamwa. Mkazi wa mji alifasiriwa kwa kitu alichokuwa amekiacha, si kwa kitu alichokuwa nacho. Aliyetoka katika mila ya kijiji hakuwa bado raia wa mahali popote, na mtawala hakujua amhesabu kama nani.

Kisha ikaja vita, na pamoja nayo kazi ya nguvu na bei za juu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, aliuawa pale pale pamoja na wengine ambao idadi yao imebishaniwa tangu siku ile. Utawala ulikuwa umegundua kwamba hauwajui watu unaowatawala. Haishangazi kwamba mwaka 1946 ulitoa mambo mawili kwa wakati mmoja: daktari Mottoulle, aliyesimamia kazi ya wenyeji katika Union Minière, alichapisha maelezo yake juu ya siasa ya kijamii ya kampuni kwa muda wa miaka ishirini, na Grévisse akaanzisha CEPSI. Kampuni ilitoa ripoti ya mafanikio yake, na Serikali ikaanza kuuliza maswali.

Maswali hayo yalikuwa mazuri, nalo hilo lazima likubaliwe. Jarida la CEPSI liliandika juu ya nyumba, mishahara, ndoa, elimu na ardhi, na kitabu cha Grévisse cha mwaka 1951 kuhusu kituo cha nje ya mila cha Élisabethville kingali hazina kwa kila mwanahistoria wa mji. Ni vigumu kuandika leo juu ya Kamalondo au Kenya ya zamani bila kukifungua. Hata hivyo, katika kurasa zake mkazi wa mji ni kitu kinachotazamwa. Anahesabiwa, anapimwa, anaelezwa kwa uangalifu na mara nyingine kwa huruma, lakini haulizwi ni siasa gani angependa ifuatwe. Aliyeuliza na aliyepokea jibu walikuwa watu wa ofisi moja, na pengine ndiyo sababu ushirikiano ule ulifanya kazi kwa wepesi ambao haukuonekana tena baadaye.

Mwaka 1957 ulileta badiliko ambalo lingeweza kugeuza mambo. Dekreti ya tarehe 26 Machi ilitoa sheria ya miji, na mwezi wa Desemba uchaguzi wa komini ulifanyika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Wanaume waliotimiza miaka 25 walipiga kura, wanawake hawakupiga. Komini za Albert, ambayo leo ni Kamalondo, za Kenya, Katuba na Ruashi zilipata mabaraza na mabugumesta Waafrika. Juu yao alisimama bugumesta mkuu wa mji, ambaye aliteuliwa na Serikali. Chuo kikuu kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kwa mara ya kwanza palikuwa, katika mji mmoja, na shule ya juu yenye wataalamu na pia baraza lenye haki fulani ya kusema kwa jina la wakazi.

Hawakupata muda wa kukutana. Wengi wa mabugumesta Waafrika waliochaguliwa walikuwa wametoka nje ya Katanga, hasa Kasai na Kivu, na jambo hilo liliwaudhi sana wale waliojiita wenyeji halisi wa nchi. Mwezi wa Oktoba 1958 ikaundwa CONAKAT, chama ambacho miaka miwili baadaye kiliongoza Katanga katika kujitenga. Hapa mwanahistoria aone jinsi kazi ya uchunguzi inavyoweza kugeuka mkononi mwa mwanasiasa. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wamewagawa wakazi wa mji kwa asili yao, kabila kwa kabila, kwa sababu hesabu zilihitaji safu na safu zilihitaji majina. Uchaguzi ulipokuja, safu zile zilikuwa tayari. Si haki kusema kwamba hesabu ndiyo iliyozaa chuki; lakini hesabu iliipa chuki lugha ya kujieleza.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa mwisho wa mwaka 1961. Katanga ilikuwa imejitenga tangu tarehe 11 Julai 1960; askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakipigana na askari wa Tshombe ndani ya mji, na maelfu ya Baluba walikuwa wamekimbilia katika kambi ya wakimbizi. Katika hali hiyo FULREAC, shirika la utafiti la Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, lilifanya uchunguzi wa idadi ya wakazi Waafrika wa Élisabethville. Ripoti ya J. Benoît, iliyotoka mwaka 1962, ilieleza hali ya wakazi, muundo wao, mienendo yao, na jinsi walivyotazamiwa kubadilika katika miaka iliyokuwa ikija. Ni kazi ya uangalifu, na inastahili kusomwa. Lakini mwezi wa Januari 1963 kujitenga kulikwisha, na Serikali ambayo ingeitumia ripoti hiyo haikuwapo tena. Mtaalamu alikuwa amekamilisha jibu lake, na aliyepaswa kulipokea alikuwa ameondoka.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1965, mji uleule ulitoa uchunguzi wa namna nyingine kabisa. André Yav, kwa jina la chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya maandishi yaliyoitwa kwa Kifaransa Vocabulaire de ville d'Elisabethville. Jina linadanganya, maana si kamusi. Ni historia ya mji tangu kuja kwa Wazungu na makampuni yao, imeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, bila kufuata tahajia ya shule, na watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wamepika, wamefua na kulea watoto katika nyumba za watawala. Kama CEPSI ilimtazama mtumishi, hapa ni mtumishi anayemtazama bwana wake, naye alikuwa amemtazama kutoka jikoni. Hakuna baraza la komini wala kitivo kilichoagiza maandishi haya. Yalipata kuchapishwa kwa ajili ya wataalamu mwaka 1990, kwa kazi ya Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, akisaidiwa na Kalundi Mango. Yalitokea Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miaka 25 ilikuwa imepita.

Umuhimu wa maandishi ya Yav kwa swali letu hauko katika usahihi wa kila habari yake. Uko katika lugha. Tangu mwanzo, uchunguzi wa Lubumbashi umefuata njia moja: mkazi anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiswahili, msaidizi anaandika kwa Kifaransa, na ripoti inasomwa kwa Kifaransa na watu ambao hawakuwapo. Edgar Polomé, aliyefundisha katika chuo kikuu tangu kilipofunguliwa, alikieleza Kiswahili cha mji katika makala yake ya mwaka 1968, lakini kwa wanaisimu. Mwezi wa Mei 1974 semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaire ilikutana Lubumbashi kujadili tahajia na matumizi ya lugha za kitaifa, na mapendekezo yake yalikwenda Kinshasa, ambako ndiko kila kitu kilikuwa kikienda. Katika dirisha la ofisi ya komini, Kiswahili kiliendelea kufanya kazi bila pendekezo la mtu yeyote.

Juu ya robo karne ya Mobutu maneno machache yatatosha, kwa kuwa ushirikiano ulikosa watu wa kushirikiana. Mwaka 1967 Union Minière ikawa mali ya Serikali; mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chenye uongozi wake Kinshasa; jimbo likageuzwa jina kuwa Shaba, na viongozi wake waliteuliwa na kuhamishwa kwa amri. Kampuni, chuo na utawala, vyote vilitazama upande mmoja, na upande huo haukuwa mji. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilirudishiwa nafsi yake, na mwaka 1982 sheria ilijaribu kugatua madaraka. Kwa karatasi, wawili hao walikuwa tena huru kuzungumza. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi. Idadi yao haijakubaliwa mpaka leo. Mauaji hayo yalisababisha Ubelgiji kusimamisha ushirikiano wake na Zaire, na kwa muda mrefu neno ushirikiano, likitajwa katika kampasi ile pamoja na neno utawala, lilikuwa na ladha chungu.

Ajabu ni kwamba kazi iliyo bora kuliko zote ilitoka katika miaka ya ufukara. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ilikatika, hospitali na shule za kampuni zikadhoofika, na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miaka ya 1992 na 1993. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Wakati huohuo, kwa msaada wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha kituo cha kuangalia mabadiliko ya mji. Watafiti waliingia nyumbani kwa watu na kuuliza familia zinakula nini, nani analeta fedha, nani anakula kwanza. Kitabu kuhusu kaya za Lubumbashi kilichoongozwa na Pierre Petit kilitoka mwaka 2003, na kingine juu ya chakula mwaka 2004. Hiki cha pili kinaitwa Byakula. Ndani yake ni Kifaransa, lakini neno la kwanza la jalada ni la sokoni. Hata mtaalamu alikubali kwamba kuna kitu ambacho neno la Kifaransa halikibebi.

Katika miaka hiyohiyo mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, uliowaunganisha Dibwe, Bogumil Jewsiewicki na wenzao, ulikusanya masimulizi ya wakazi na kuyarudisha kwao katika maonyesho kwenye Jumba la Makumbusho la mji. Huenda ndiyo mara ya kwanza aliyeulizwa alipata kuona jibu lake likiwa limetundikwa ukutani, naye akaweza kulibishia.

Lakini komini haikuwa na uwezo wa kuagiza wala kutekeleza. Kuhusu jambo hili maneno mengi yamesemwa juu ya uvivu wa watawala na majivuno ya maprofesa, nayo hayafiki kwenye mzizi. Ofisi isiyo na fedha zake haina swali la kumpa mtaalamu, kwa sababu swali la siasa ya mji daima ni swali la matumizi: maji yapelekwe wapi kwanza, barabara gani itengenezwe, zahanati ipi iajiri mkunga. Anayesubiri fedha kutoka mahali pengine husubiri pia maswali kutoka mahali pengine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapopatikana, na sheria ya mwaka 2008 juu ya miji, komini, sekta na himaya za machifu iliwapa hao nao sehemu katika fungu hilo la jimbo. Ahadi ilikuwa nzuri, ila fedha zilizofika zilikuwa pungufu mno, na kwa vipindi.

Uzito wa upungufu huo ulionekana mwaka 2009. Célestin Banza Lubaba Nkulu na watafiti wengine wa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto zaidi ya watu wazima. Watafiti walisema ni viwango vya juu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kuripotiwa kwa wakazi wa kawaida. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, uliofanywa katika hospitali za Lubumbashi, uliona kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya maumbile ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na migodi. Makala yote mawili yalitoka kwa Kiingereza. Mkazi aliyetoa mkojo wake anasema Kiswahili, bugumesta wake anaandika barua kwa Kifaransa, na jibu limekaa katika lugha ya tatu. Hata hivyo, lugha ingeweza kutafsiriwa kwa wiki moja. Kilichokosekana ni mtu mwenye madaraka na mfuko, ambaye jibu hilo lingemlazimu kufanya jambo.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iligusa hasa mahali hapo. Mrabaha unaolipwa na makampuni uligawanywa hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chombo cha mahali ambamo machimbo yamo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fungu la mahali hulipwa moja kwa moja, bila kupitia Kinshasa. Mwezi wa Desemba 2023 wakazi wa komini katika miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani wao, mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006. Uchaguzi na fedha, vitu viwili ambavyo mwaka 1957 havikupata kuota mizizi, vimekutana tena katika nchi ya shaba.

Vimekutana kwa namna isiyo sawa. Fungu la asilimia 15 hufuata shimo, halifuati watu. Komini iliyo pembezoni, yenye mgodi, hupokea. Katuba, yenye wakazi wengi na isiyo na mgodi, haina cha kudai katika fungu hilo, ingawa upepo na maji havijui mipaka ya komini. Tena, kanuni zinataka fedha hizo zitumike kwa miundombinu ya msingi yenye manufaa kwa jamii: shule, barabara, visima. Diwani mpya atapendelea kisima, kwa kuwa kisima huonekana na mpiga kura. Mahali pa kukichimba, ili maji yake yasiwe na kobalti, pangeweza kuonyeshwa na watu wa maabara ya chuo kikuu, ambao wamekuwa wakipima metali katika miili ya majirani zake tangu kabla ya mwaka 2009, na kutoka kampasi hadi ofisi yake ni safari fupi ya taksi.